Dua Iliyohesabiwa Kura

Malisho ya Tuyuk, 12 Juni

Mdogo wangu Burulai,

Huku juu hatujambo: mimi, wifi yako Anara, na kondoo mia tatu na arobaini wa watu wa kijijini, ambao wanakula vizuri kuliko mimi. Theluji ya mwisho iliyeyuka juzi. Farasi majike wameanza kukamuliwa na Anara ameshachachusha maziwa yao, kimizi ya kwanza. Nimekufungia kiriba kidogo, Beishen atakuletea. Kikifika nusu, muulize yeye nusu nyingine iko wapi.

Sasa nisikilize. Beishen amepanda leo na gari lake la maziwa, akaniambia mwenyekiti Kubat anataka Kara-Kashat iitwe mji. Nilicheka. Mji gani wenye punda kumi kwa kila taa ya barabarani? Halafu Beishen akasema si mzaha, hata ramani wameshachora, na cheko likaniisha. Tukiwa mji, kamati ya malisho inavunjwa. Tuyuk inarudi mkononi mwa mkoa na kukodishwa kwa mnada. Wewe unajua nani ataweza mnada na nani hataweza. Familia sitini zimenipa kondoo wao niwachunge, nami sijui kazi nyingine duniani.

Wachungaji tulikubaliana na Kubat tangu Aprili kwamba maoni ya wananchi yachukuliwe Oktoba, tukishashuka. Wewe ndiye katibu wa baraza, mheshimiwa mwenye mihuri. Niambie: tarehe imepangwa? Huku simu haishiki hata ukipanda juu ya farasi, kwa hiyo niandikie, umpe Beishen. Anapanda Jumatatu na Alhamisi.

Baba anakula? Tangu Mama atutoke Machi hii namuona amepungua shingo.

Kaka yako,
Sagyn


Kara-Kashat, 16 Juni

Kaka,

Kiriba kimefika robo tatu, mwambie Beishen nimemsamehe. Baba anakula, ila ananisema kwamba mikate yangu ya kukaanga ni migumu na ya Mama ilikuwa laini. Namwambia ni kweli.

Hilo la mji, ndiyo, linazungumzwa. Hata mimi nimelisikia zaidi ya mara moja, maana barua zote zinapita mezani kwangu. Lakini usilichukue lote kwa ubaya. Wanasema mji unapewa maji ya bomba, tena unapewa hospitali yenye chumba cha upasuaji na gari la wagonjwa la kwake. Wewe huchoti maji mferejini wakati wa barafu, mimi nachota. Naomba ulifikirie hilo nawe, kaka, usifikirie kondoo tu.

Tarehe bado. Mambo ya serikali yanakwenda polepole, unajua.

Msalimie wifi. Mwambie anitumie jibini kavu, lile la chumvi nyingi, Baba analimung'unya mchana kutwa.

Mdogo wako,
Burulai


Malisho ya Tuyuk, 3 Julai

Burulai,

Leo Beishen ameleta sukari imefungwa kwenye gazeti la wilaya. Nimelikunjua ili nisome wakati chai inachemka. Ukurasa wa pili: "Wakazi wa Kara-Kashat waafiki kwa kauli moja kupewa hadhi ya mji." Mkutano ulifanyika tarehe 27 Juni, ukumbini. Na picha. Watu safu kwa safu, mikono wameinua. Safu ya mbele kabisa ni Baba na kofia yake nyeupe, viganja vyake vikiwa vikubwa kuliko vya wote.

Niambie nimeona vibaya.

Tarehe 27 mimi nilikuwa hapa namzalisha farasi aliyekwama. Wachungaji wote kumi na wanane wa Kara-Kashat walikuwa milimani, na wake zao wote. Huo mkutano ulikuwa wa nani? Nimemwita Zhanybai, mchungaji mwenzangu wa bonde la pili, nikampa gazeti, akalisoma akiwa juu ya farasi, akaniuliza, "Huyu si baba yako?" Alirudi bila kunywa hata bakuli moja la kimizi, na Zhanybai hajawahi kuondoka kwangu bila kunywa.

Uliniambia tarehe bado. Uliandika tarehe 16. Kwa hiyo kati ya tarehe 16 na 27 serikali iliyokwenda polepole ilipata mbawa, au ulinidanganya?

Nijibu kwa Alhamisi.

Sagyn


Kara-Kashat, 7 Julai

Kaka yangu,

Usinikasirikie kabla hujasikia. Mkutano ulikuja haraka, amri ilitoka juu. Kubat alisema wakisubiri Oktoba, bajeti ya hospitali itapewa wilaya nyingine. Watu walijaa ukumbini, karibu mia tatu. Kubat alizungumza, mhandisi wa maji akazungumza. Mwishoni Kubat akamgeukia Baba, akasema mbele ya wote, "Mzee Toktosun, wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Tuombee dua kwa mji wetu."

Baba akanyanyuka, akafungua viganja. Akasema: watoto wake wawe wengi, mifugo yake inenepe, maji yake yasikauke, omin. Ukumbi mzima ukafungua viganja, ukasema omin, ukajipangusa uso. Ndiyo hiyo picha.

Kubat aliniambia niandike kwenye muhtasari kwamba wameafiki kwa kauli moja. Nikaandika. Baba si alikuwa ameomba dua? Angekuwa hataki, si angekaa kimya?

Hakuna aliyekuficha, kaka. Ni mambo yalivyotokea.

Burulai


Kara-Kashat, 10 Julai

Mwanangu Sagyn,

Naandika mwenyewe, usishangae mwandiko. Nilisoma mpaka darasa la nane kabla miguu yako haijaota.

Nimesikia unauliza kama nimekubali. Mimi sikuulizwa. Kubat aliniomba dua. Umeniona lini nikiombwa dua nikasema leo sina? Mtu akija na mke mpya humwambii subiri kwanza nimwangalie tabia. Unafungua viganja, unamwombea kheri. Na dua huombi nusu. Nilimwomba Mungu kheri kwa wote, pamoja na wanaotaka mji, kwa kuwa nao ni watoto wa watu. Kura hakuna aliyenitajia.

Sasa njiani watu wananisalimu "Mzee wa Mji." Vijana wanacheka. Wake wa wachungaji walioshuka kufuata unga wananipita bila kusema neno. Jana mke wa Zhanybai alivuka upande wa pili wa barabara aliponiona. Nina miaka sabini na nane na sijawahi kuvukiwa barabara.

Wanasema pingamizi zinapokelewa na tume ya mkoa mpaka tarehe 27. Kuna waliokuja kunishauri nisimame nitamke kwamba naifuta dua yangu. Mwanangu, hilo usiniombe. Dua ikishasemwa imekwenda. Mtu akiivuta irudi, inarudi na nini? Heri nizikwe.

Dada yako hali chakula. Sijui ana nini, haniambii.

Baba yako


Malisho ya Tuyuk, 13 Julai

Burulai,

Barua ya Baba nimeisoma mara nne. Halafu Beishen, ambaye hajui kunyamaza, kaniongezea mwenyewe: tangazo la mkutano lilibandikwa kwenye ubao wa baraza tarehe 6 Juni, na sahihi chini yake ni yako. Tarehe sita! Mimi nilikuandikia tarehe kumi na mbili. Ulipoandika "tarehe bado" tangazo lilikuwa limeshaanza kubabuka kwa jua ubaoni.

Ulinijua nitashuka. Ulijua tungeshuka wote kumi na wanane, tuwaite wenye kondoo tunaowachunga na kujaza ukumbi, na ulitaka tusishuke. Tangu lini dada yangu akawa mtu wa kunifanyia hivyo? Nilikubeba mgongoni kwenda shule miaka miwili, ulipovunjika mguu.

Njia ni mbili tu, nami nimezipima huku nikiwa nyuma ya kondoo. Ama Baba asimame mbele ya watu aifute dua yake, ndipo muhtasari wako ukose pa kushika. Ama wewe uiandikie tume kwamba tarehe 27 Juni hakuna kura iliyopigwa, kwamba dua uliigeuza kura kwa kalamu yako. Ukifanya hivyo Kubat atakufukuza, najua. Usipofanya, Baba atakufa na aibu ambayo si yake. Na ukimwacha Baba afute dua ili wewe ubaki na kiti, basi usiniite kaka.

Una siku kumi na nne. Nimesema.

Sagyn


Kara-Kashat, 20 Julai

Kaka,

Nimeandika. Leo asubuhi nimempa karani wa posta mkononi, kwa rejista, na risiti ninayo. Nimesema yote: kwamba hakuna aliyeulizwa anayekubali ni nani na anayekataa ni nani, kwamba picha ni ya dua, kwamba maneno "kwa kauli moja" ni yangu. Nimesaini jina langu kamili. Kisha nikaenda ofisini nikamwambia Kubat mwenyewe, nisingoje aambiwe na mkoa. Aliniuliza kama nimepatwa na homa. Nilipomwambia sina homa, akaninyang'anya mihuri. Meza yangu keshapewa mpwa wake.

Baba sikumwambia kwanza. Alipojua alimega mkate, akasema mikate ya leo ni laini. Haikuwa laini, kaka. Nilitoka nje nikalia.

Ndiyo, nilikudanganya. Tangazo nililibandika kwa mikono yangu, na barua yako ilipokuja nilikaa nayo siku nne nikitafuta namna ya kusema uongo mdogo. Nilijua mkishuka mtashinda. Nami sikutaka mshinde.

Kuna jambo hulijui, na Baba alituapisha tusikuambie. Wewe Machi ulikuwa peke yako kwenye zizi la baridi, kondoo wakizaa, njia imefungwa na theluji. Alipokuja mjumbe kukupa habari ya Mama, alikuambia amelala usiku hakuamka. Baba alisema, mwacheni, yuko peke yake milimani, asije akachukua farasi akatumbukia korongoni. Lakini Mama hakufia kitandani. Tulimpakia kwenye gari la jirani kumkimbiza hospitali ya wilaya, kilomita tisini. Alifia njiani, kichwa chake mapajani mwangu. Daktari alisema baadaye ni utumbo tu, ungepasuliwa mapema angepona.

Tangu siku hiyo nikisikia "chumba cha upasuaji" sisikii kitu kingine. Kubat aliponiambia mji una hospitali, ningebandika matangazo mia. Nilikosea kwa Baba na nilikosea kwako. Ila lile ninalolitaka, bado nalitaka.

Burulai


Malisho ya Tuyuk, 24 Julai

Burulai,

Barua imefika. Nilipanda mlimani na kondoo asubuhi nikawasahau, Anara ndiye aliyewarudisha.

Umefanya haki kwa Baba. Hilo nakushukuru.

La Mama usiniandikie tena kwa sasa.

Sagyn


Mji wa wilaya, 2 Oktoba

Kaka,

Nimekaa kimya kama ulivyotaka, miezi miwili na zaidi. Sasa sina budi.

Nimepata kazi kwenye tanuri la mikate, naanza alfajiri. Mikate yangu hapa hailalamikiwi, mwambie Baba. Kara-Kashat nisingeweza kubaki. Wanaotaka mji wananiita msaliti, wasioutaka wananiita mwongo, na wote wananunua chumvi duka moja na mimi.

Umesikia kwamba tume imeufuta mkutano wa Juni na umeitishwa mwingine tarehe 11 Oktoba, nanyi mmeshashuka. Safari hii hakuna hila. Aliye mbali anaruhusiwa kutuma maoni yake kwa maandishi yakiwa na sahihi, yasomwe ukumbini na kuhesabiwa. Yangu nimeyatia humu, bahasha sijaifunga. Posta ya huku imegoma tangu wiki iliyopita, na Beishen ndiye aliyekubali kuibeba mpaka kwako.

Soma uyaone. Nimeandika hivi: "Mimi Burulai, binti wa Toktosun, naunga mkono Kara-Kashat kuwa mji. Mwezi wa Machi mama yangu Saira alifia njiani, kilomita ya hamsini na mbili, ndani ya gari la jirani, kwa ugonjwa unaotibika. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho. Sitaki mama wa mtu mwingine apite njia ile. Najua wachungaji watapoteza malisho, na mmoja wao ni kaka yangu. Naomba azimio liseme hospitali ianze kabla ya kitu kingine chochote, na lisiposema hivyo, kura yangu isihesabiwe."

Usipotaka kuyapeleka, yatie motoni. Sitauliza. Mimi nilikuficha tarehe, nawe ukinificha hii tutakuwa sawa. Lakini sikutaka kumpa mtu mwingine, kwa sababu safari hii nilitaka upigane na mimi ukiniona.

Mdogo wako,
Burulai


Kara-Kashat, 12 Oktoba

Mdogo wangu,

Sikuyatia motoni. Nakiri Ijumaa nilikaa mbele ya jiko nikiwa nayo mkononi, chai ikapoa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Mwanamke wa tume aliyetoka mkoani alikuwa mkali. Alisema hataki kuona mikono wala viganja vya mtu, akatuamrisha tusimame: wanaokubali waende upande wa madirisha, wanaokataa upande wa mlango. Kubat akajaribu tena, usimcheke, akamgeukia Baba: "Mzee, tufungulie kwa dua." Baba alikaa palepale kwenye kiti akasema, "Dua yenu niliomba Juni na bado inafanya kazi. Leo nataka kuulizwa." Watu walicheka, hata yule mwanamke wa tume. Halafu Baba akainuka na mkongojo wake akaja kusimama mlangoni, pembeni yangu. Mke wa Zhanybai alimpisha ukutani apate pa kuegemea.

Mpwa wa Kubat alianza kusoma maoni ya walio mbali. Alipofika kwenye lako alisoma mistari miwili akakwama. Nadhani alifika kwenye jina la Mama. Akatazama ukumbi, akanitazama mimi. Nikaenda nikamchukulia karatasi mkononi, nikaisoma yote, kwa sauti, mpaka sahihi. Nilikuwa nimeshaisoma mara nyingi nyumbani, nikadhani nimeizoea. Pale kwenye "alikuwa na akili zake mpaka mwisho" nililazimika kuanza tena sentensi. Nikarudi nikasimama mlangoni. Nilibaki mlangoni mpaka mwisho, Burulai, ujue hivyo. Sikubadili.

Wengine walibadili. Mama Kalyicha alianza, mwenye ng'ombe wawili na wajukuu saba. Halafu wawili, watatu, wanawake wa mtaa wa juu, wake za wachungaji. Nao wana wagonjwa waliowapeleka kwa njia ile. Wanaume wao waliwatazama wakipita katikati ya ukumbi na hakuna aliyewaita. Halafu mtu akanigusa kiwiko, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe," na alikuwa Anara. Akatembea mpaka madirishani akasimama akinikabili.

Mia nne thelathini na moja, mia nne na ishirini. Tumeshindwa kwa watu kumi na mmoja. Hospitali imeandikwa ya kwanza kwenye azimio, yule mwanamke wa tume aliisoma mara mbili ili Kubat asikie. Mnada wa Tuyuk ni Machi. Zhanybai anasema tuungane wote kumi na wanane tuombe kuikodi pamoja. Tutaomba, ila hana matumaini, na mimi sina. Kondoo wa watu nitawarudisha wiki ijayo, mwenye wake achukue wake.

Njia ya kurudi nyumbani nilikuwa mbele na Anara nyuma, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Kiangazi kizima tumelala hema moja. Tulipofika mlangoni nikamgeukia nikamwambia, "Kwa nini?" Akasema, "Mimi ndiye niliyemwosha mama yako, Sagyn. Machi ulinituma nishuke nikamuuguze, umesahau? Alikuwa amevaa koti na viatu vya safari. Nilimvua mwenyewe. Miezi minne nilikuangalia ukisema alilala akiwa na amani, halafu ukaacha kumtaja, nami nimenyamaza kwa sababu baba yako aliniapisha."

Nilikaa kwenye ngazi. Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo, akaketi hapohapo na kunisimulia: siku mbili za homa, jinsi Mama alivyokataa kuitiwa gari, jinsi walivyombeba kwa zulia. Baba alitoka ndani, akatusikia, akaketi nasi. Hakumkataza.

Anara anaishia pale mlango wa gari ulipofungwa. Ya mle garini, mpaka kilomita ya hamsini na mbili, unayajua wewe peke yako. Njoo unisimulie.

Kaka yako,
Sagyn